Mfuko wa Kulalia wa Usiku wa Nne: Namna ya Kuuchagua kwa Safari za Rwenzori na Elgon

Msafara wa kawaida wa Rwenzori, milima ya magharibi mwa Uganda, unaoanzia Nyakalengija hulala kambi ya Nyabitaba usiku wa kwanza, ya John Matte usiku wa pili, ya Bujuku usiku wa tatu, na usiku wa nne hulala kambi ya Elena, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 4,540, kabla ya watu kuamka gizani na kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Kwa hiyo usiku ulio baridi kuliko zote humkuta mtu akiwa na mfuko uliokwisha kupitishwa katika siku nne za mvua, ukungu, jasho na vinamasi. Mfuko uliomtosha vizuri Nyabitaba, ungali mkavu, huenda usimfae kitu ukifika Elena. Ndiyo maana kila anayeniomba ushauri humwambia asiuchague mfuko kwa jinsi unavyoonekana dukani, bali kwa jinsi utakavyokuwa usiku wa nne.

Zamani wawindaji wa Kikonzo, yaani wa kabila la Wakonzo wakaao miteremkoni, walipanda milima hii wakijihifadhi chini ya miamba na kukoka moto usiku kucha. Leo uwindaji ndani ya hifadhi umekatazwa na sheria, na wanaolala huko juu kwa siku nyingi ni wapanda milima, viongozi wa misafara, wapagazi, watafiti na askari wa wanyamapori wanaotegua mitego ya majangili. Haja yao, hata hivyo, ni ileile waliyokuwa nayo wawindaji, na ndiyo haja ya kila mwindaji mwenye kibali halali anayelala mahali penye baridi na mvua: apate kulala akiwa mkavu ili kesho mikono na akili zifanye kazi.

Kukadiria baridi utakayoikuta

Hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Kasese, ulio chini ya Rwenzori, uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,000, kwa hiyo ikiwa usiku mjini ni wa digrii 19, Elena, iliyo juu zaidi kwa mita 3,500 hivi, itakuwa na upungufu wa digrii 23, yaani karibu digrii 4 chini ya sifuri. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa kuwa upepo na mawingu huibadilisha kila siku, lakini inatosha kumwonyesha mtu kwamba blanketi zito la nyumbani halina nafasi katika safari hii. Katika Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, ambako kilele cha Wagagai kina mita 4,321 na wengi wanaopita njia iitwayo Sasa hulala kambi ya Mude kwenye mita zipatazo 3,500, baridi ni nafuu kidogo, ingawa alfajiri nyingine mtu huamka akakuta jalidi juu ya nyasi.

Baada ya kukadiria baridi, soma lebo ya mfuko. Mifuko iliyopimwa kwa utaratibu wa kimataifa huwa na alama ya EN 13537, au ISO 23537 iliyokuja baadaye kuchukua mahali pake, na kila mmoja hupewa viwango vitatu. Cha kwanza ni kiwango cha starehe, yaani baridi ambayo mwanamke wa kawaida anaweza kulala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Cha pili ni kiwango cha kikomo, ambacho mwanamume wa kawaida anaweza kukivumilia kwa saa nane akiwa amejikunja. Cha tatu ni kiwango cha hatari, ambacho hakizungumzii usingizi hata kidogo, kwa maana kinaonyesha tu baridi ambayo mtu anaweza kunusurika nayo kwa saa chache, huku mwili wake ukiwa hatarini kupoteza joto kupita kiasi. Wauzaji wengi huandika kiwango cha pili au hata cha tatu kwa herufi kubwa mbele ya mfuko, na mnunuzi asiyejua hudhani amepata mfuko wa baridi kali.

Wewe tafuta kiwango cha starehe peke yake, uwe mwanamke au mwanamume. Kwa anayefika Elena au kambi nyingine za juu za Rwenzori, napendekeza mfuko wenye starehe ya digrii 5 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo, na anayejijua kuwa mwepesi wa kuhisi baridi aongeze digrii 5 nyingine. Kwa Elgon, na kwa safari za Rwenzori zisizovuka mita 3,500, mfuko wenye starehe ya sifuri hutosha ukiongezewa nguo kavu za kulalia.

Kuna mtego mmoja unaowapata watu wengi katika nchi yetu, kwa sababu mifuko mingi tunayoiona imetoka Marekani, na huko vipimo huandikwa kwa Farenhaiti. Mfuko ulioandikwa 30 haukutengenezwa kwa usiku wa digrii 30 za Kampala, wala ulioandikwa 0 si wa sifuri yetu. Farenhaiti 30 ni karibu digrii 1 chini ya sifuri ya Selsiasi, Farenhaiti 20 ni karibu digrii 7 chini ya sifuri, na Farenhaiti 0 ni karibu digrii 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Uganda haina pa kuikuta kwa kawaida. Tazama kama kuna herufi F au C karibu na namba kabla hujatoa fedha.

Manyoya au nyuzi za poliesta

Mfuko haukutengenezei joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya mfuko ni kuikamata hewa iliyokwisha kupashwa na mwili huo, isitoroke. Hewa hiyo hukaa katikati ya manyoya au nyuzi zilizojazwa ndani, na kadiri zinavyoumuka, kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, ndivyo zinavyoshika hewa nyingi zaidi. Maji yakiingia hufukuza hewa na kukaa mahali pake, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Hilo ndilo jambo linalopaswa kuongoza uchaguzi wako wote.

Manyoya mororo ya bata na bata bukini, yakiwa makavu, hayana mshindani. Ubora wake hupimwa kwa namba, mathalani 550, 700 au 850, ambayo hueleza nafasi inayojazwa na kipimo kimoja kidogo cha manyoya yakiumuka. Manyoya ya 700 yenye uzito wa gramu 28 hivi hujaza nafasi ya lita 11 na nusu. Kwa sababu hiyo mfuko wa manyoya huwa mwepesi, hujikunja ukawa mdogo kama mkate, na ukitunzwa hudumu miaka mingi. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: yakilowa, manyoya hushikana yakawa madonge, yakaacha sehemu tupu, na kuyakausha huchukua muda ambao mlimani haupatikani.

Nyuzi za poliesta ni nzito zaidi kwa joto lilelile, na mfuko wake wa kiwango ninachokipendekeza mara nyingi hupita kilo mbili na kujaza nusu ya begi la mgongoni. Lakini nyuzi hizo hazinyonyi maji ndani yake, haziporomoki zote zikilowa, na huweza kukaushwa kwa kiasi fulani kwa joto la mwili wa mlalaji mwenyewe. Bei yake pia ni ya chini. Ubaya ni kwamba huchakaa mapema, kwani kila unapozibana hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kuumuka, na mfuko uliobanwa ghalani kwa miaka miwili hauna tena kiwango kilichoandikwa kwenye lebo yake.

Wako wanaosema kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa sasa yapo manyoya yaliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Dawa hiyo inasaidia kweli, kwani huchelewesha kulowa na kuharakisha kukauka, lakini kuchelewesha si kuzuia, na siku nne za Rwenzori ni ndefu.

Hapa inafaa nieleze kwa kirefu maji hayo hutoka wapi, kwa sababu wengi hufikiri ni ya mvua tu, na wakiwa wamelala ndani ya kibanda chenye paa zima hujiona salama. Usiku kucha mwili hutoa mvuke, hata wakati wa baridi. Mvuke huo husafiri kutoka kwenye ngozi yenye joto kuelekea nje, na unapofika kwenye tabaka za nje za mfuko, zilizo baridi, hugeuka matone madogo na kubaki humohumo. Katika milima yenye jua kali mchana, msafiri hutandaza mfuko wake juu ya jiwe kwa saa moja, nao ukakauka. Rwenzori haitoi ruhusa hiyo kila siku: mvua hunyesha hata katika miezi tunayoiita ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, na ukungu hushuka mabondeni kabla ya saa sita mchana. Mfuko hufungwa asubuhi ukiwa na unyevu wa jana, hufunguliwa jioni na kuongezewa wa leo, hivyo hivyo hadi usiku wa nne.

Katika safari yangu ya kwanza nilikwenda na mfuko wa manyoya nilioazima kwa ndugu yangu, mfuko mzuri sana, na usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Bujuku nilianza kuhisi baridi magotini na mabegani. Nilipoushika kifuani nikagundua manyoya yamehama, yamekuwa vidonge kama vya pamba iliyochambuliwa vibaya, na ilhali sikuwa nimeuangusha majini wala kunyeshewa usiku. Mkonzo aliyetuongoza, ambaye mfuko wake ulikuwa wa poliesta wenye viraka vitatu, aliamka asubuhi akiwa amepumzika.

Kwa sababu hizo, msimamo wangu ni huu: kwa safari ya usiku nne au zaidi Rwenzori, chukua poliesta, hasa kama unalipia mpagazi wa kuubeba uzito huo. Kwa safari ya usiku mbili au tatu Elgon, katika miezi ya ukavu, manyoya yaliyotiwa dawa yanafaa na mgongo wako utakushukuru. Mwenye mfuko wa manyoya tayari na asiyeweza kununua mwingine anaweza kuuvisha mfuko mwembamba wa poliesta juu yake. Kwa kufanya hivyo mvuke hugandia kwenye mfuko wa nje, na manyoya hubaki makavu zaidi.

Umbo, kitambaa na zipu

Kwa baridi ya juu, chagua mfuko uliopana mabegani na kuwa mwembamba miguuni, wenye kofia inayokazwa kwa kamba hadi ubaki uso tu, na wenye kola nene iliyojazwa inayozunguka shingo kwa ndani. Kola hiyo huachwa katika mifuko ya bei rahisi, na ndiyo inayozuia hewa ya moto isitoke kila unapojigeuza. Nyuma ya zipu panapaswa kuwa na ukanda mnene uliojazwa, la sivyo baridi itaingia kwa mstari kuanzia bega hadi kisigino.

Ingia ndani ya mfuko ukiwa palepale dukani, umevaa nguo utakazolalia, ufunge zipu yote na kukaza kofia. Ukinyanyua magoti na kuhisi kitambaa kimekaza, ujue unazibana nyuzi na kupoteza joto. Ukiwa mkubwa mno, utautumia usiku kupasha nafasi tupu. Kisha fungua na ufunge zipu mara kadhaa kwa mkono mmoja, macho ukiwa umeyafumba, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyoifungua saa saba za usiku unapobanwa na haja.

Kuhusu kitambaa cha nje, nailoni iliyopakwa dawa ya kuteleza maji inatosha. Vitambaa visivyopitisha maji kabisa huvutia, lakini vingi vyake hupunguza pia kutoka kwa mvuke, na nimekwisha kueleza mvuke unafanya nini.

Kilicho chini yako

Upande wa mfuko unaoulalia hubanwa na uzito wako na hewa yake hutoka, kwa hiyo chini yako ni kama huna mfuko. Hata vile viwango vya lebo hupimwa mfuko ukiwa juu ya kigodoro. Vigodoro vya kambi hupewa namba ya kuzuia baridi yenye alama ya R, na kwa kambi za juu tafuta R ya 4 au zaidi. Kigodoro cha povu gumu kina R inayokaribia 2, na vikilazwa viwili, kimoja juu ya kingine, namba zao hujumlishwa. Usikate sponji ya godoro la nyumbani. Hunyonya maji kama kitambaa cha kudekia, na haitakauka hadi urudi Kasese.

Kununua mivumba (mitumba), na kukodi

Wengi wetu hatununui mfuko mpya. Katika soko la Owino mjini Kampala, na katika masoko mengine ya mivumba, hupatikana mifuko mizuri kwa anayejua kutazama. Mwombe muuzaji akuruhusu kuutandaza, uukung'ute, kisha uuache kwa dakika 20 au 30 huku ukitazama vitu vingine. Ukirudi ukaukuta bado umelala kama shuka, uache, hata kama rangi yake inapendeza. Uinue kuelekea kwenye mwanga uone kama kuna vyumba, yaani sehemu zilizoshonwa kushikilia manyoya au nyuzi, vilivyobaki vitupu, na uupapase wote kwa vidole ukitafuta madonge. Unuse ndani, hasa miguuni: harufu ya ukungu wa kabatini ni dalili ya mfuko uliohifadhiwa ukiwa na maji, na harufu hiyo haitoki kirahisi. Mfuko usio na lebo usiukubalie kiwango anachokutajia muuzaji. Unene wake ukiwa umetandazwa ndio utakaokuambia ukweli.

Baadhi ya kampuni zinazoongoza wapanda milima hukodisha mifuko, na kwa mtu anayekwenda mara moja tu hiyo ni njia ya busara. Uukague vilevile, siku moja kabla ya safari na si asubuhi ya kuondoka, ili kuwe na nafasi ya kubadilisha. Ulizia pia wapagazi wenu watalalia nini. Nimeona misafara ambamo mgeni ana mifuko miwili na mpagazi aliyembebea ana blanketi moja lililolowa. Anayelipia safari ana nafasi ya kuuliza swali hilo kabla ya kutia sahihi, na ninamsihi aliulize.

Kuufikisha mkavu

Kile kifuniko cha mvua cha begi la mgongoni kisikupe matumaini, kwa kuwa maji hupita upande wa mgongo, na ukiteleza katika vinamasi vya Bujuku begi zima huzama. Tia kavera (mfuko wa plastiki) kubwa nene ndani ya mfuko wa kubebea, uingize mfuko wa kulalia humo, utoe hewa, upindue mdomo wa kavera mara kadhaa na kuufunga kwa kamba, kisha uutie wote katika kavera la pili. Nguo za kulalia, yaani soksi nene, suruali na fulana ya sufu au ya kitambaa cha poliesta, na kofia ya sufu, ziwe humohumo. Nguo hizo zisivaliwe njiani kwa sababu yoyote. Pamba iache nyumbani, iwe ni nguo au shuka la kutandika ndani ya mfuko, kwa kuwa hushika jasho na kukupoza.

Ukifika kibandani, jambo la kwanza ni kuutoa mfuko na kuutandaza ili uanze kuumuka ungali unakunywa chai. Kula vizuri, ukojoe kabla ya kulala, na ujaze maji ya moto katika chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, uivishe soksi na kuiweka katikati ya mapaja au miguuni. Usilale na soksi zilizolowa ndani ya mfuko ukidhani utazikausha. Utazikausha, lakini maji yake yatahamia kwenye mfuko. Usipumulie ndani pia: funika kichwa, pua na mdomo vibaki nje. Na kamwe usiingize jiko la makaa kibandani au hemani, hata kwa dakika chache, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Asubuhi, kabla mfuko haujapoa, ubane kuanzia miguuni kuelekea mdomoni ili hewa yenye mvuke itoke, na jua likichomoza hata kwa nusu saa, ugeuze ndani nje na kuutandaza.

Ukirudi nyumbani

Jua la Kasese ni kali, na mfuko wa poliesta hukauka humo kwa siku moja, ingawa kivuli chenye upepo ni bora kwa kitambaa cha nailoni. Mfuko wa manyoya huhitaji siku mbili au tatu, ukigeuzwa mara kwa mara na madonge yakichambuliwa kwa vidole taratibu hadi yatoweke. Ukilazimika kuufua, tumia beseni kubwa na sabuni laini kidogo, ukandamize bila kusugua wala kukamua, suuza hadi povu liishe, na uunyanyue kwa mikono yote miwili ukiubeba kwa chini, maana uzito wa maji unaweza kupasua kuta za ndani.

Usiuhifadhi katika kile kijimfuko ulichokuja nacho. Uning'inize kabatini, au uutie katika foronya kubwa ya pamba ukiwa umelegea, na miezi michache kabla ya safari nyingine uutandaze sakafuni upime kwa rula unene wake kifuani na miguuni. Ukikuta umepungua kwa robo au zaidi ya ulivyokuwa mpya, uache utumike Elgon au kwa mgeni wa nyumbani, na utafute mwingine wa kupandia Elena.